Usitupe Laptopu Iliyokufa, Humo Ndani Kuna Maisha Yenu

*Ile kompyuta ya zamani iliyolala juu ya kabati huenda imebeba picha za harusi, sauti ya mama na mambo mliyoyasahau. Ukipata kasha dogo na nusu saa ya Jumamosi, diski yake unaitoa na kuigeuza kuwa diski ya nje. Lakini kabla hujaichomeka, soma hapa kwanza.*

Kila nyumba ina kabati, na juu ya kila kabati kuna begi ambalo hakuna anayekumbuka liliwekwa lini. Kwetu lilikuwa begi jeusi lenye zipu iliyokwama. Ndani yake ilikuwemo laptopu ya mume wangu, ile aliyoinunua mwaka 2007 alipopata kazi yake ya kwanza. Hiyo ndiyo iliyopanga bajeti ya kamati ya harusi yetu mwaka 2008. Hiyo ndiyo iliyochapa kadi za michango, ikatunza picha za sendofu, za ndoa na za mtoto wetu wa kwanza akiwa na siku tatu. Siku moja mwaka 2012 umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na tangu hapo haikuwaka tena. Tukanunua nyingine, maisha yakaendelea.

Sasa mwaka jana mtoto wetu wa mwisho akaja na swali lake mezani. "Baba, bibi alikuwa anaongeaje?"

Jamani. Mama mkwe wangu alifariki mwaka 2010, kabla mtoto huyu hajazaliwa. Picha zake ukutani zipo, lakini sauti je? Tukakimbilia ile DVD ya harusi. Imekwaruzika, na kama makusudi, inagandia palepale wazee wanapoanza kutoa nasaha. Mpiga video naye alishahama siku nyingi, hata namba yake haipatikani. Mume wangu akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Nadhani nilihamishia kipande kwenye ile laptopu."

Kesho yake nikaibeba hadi kwa fundi. Akaifungua, akaipima, akatikisa kichwa. "Dada, mazabodi imekwenda. Niachie tu nikupe chochote, nitatoa spea." Unajua nilishafungua mkoba kupokea hiyo hela? Kijana mmoja aliyekuwa pembeni akihangaika na simu ya mteja ndiye aliyeniokoa. Wala hakuinua kichwa: "Dada, kilichokufa ni mashine. Diski huenda ni nzima. Usiiache."

Maneno hayo ndiyo yaliyozaa makala hii.

MASHINE HUFA, DISKI HUBAKI

Wengi wetu tunaamini laptopu ikizimika basi kila kilichomo kimezimika nayo. Siyo kweli. Kioo kinaweza kupasuka, chaja ikaungua, mazabodi ikafa, lakini diski ni kifaa kinachojitegemea. Ni kaboksi ka chuma kenye ukubwa wa kiganja. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka, mara nyingi 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kimkono chembamba kinachosoma na kuandika. Picha zako zimeandikwa humo kwa sumaku, na sumaku haihitaji umeme ili ikumbuke. Ndiyo maana diski inaweza kukaa miaka juu ya kabati na bado ikawa na kila kitu.

Teknolojia yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kampuni ya IBM ilitoa diski ya kwanza ya aina hii mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, uzito wake ulipita tani moja, na ilibeba herufi milioni 5 tu. Picha moja kubwa ya simu yako ya leo ingeijaza. Ile ya mume wangu ina GB 160 na inaingia kwenye mfuko wa shati.

Na msimu huu ndio wenyewe wa kulizungumza jambo hili. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Maana yake watu wengi wanabadilisha mashine, na za zamani zinagawiwa, zinauzwa au zinapandishwa juu ya kabati. Kabla yako haijaondoka nyumbani, tafadhali itoe diski.

KWANZA, IJUE DISKI YAKO

Hapa ndipo watu wanapopoteza hela. Wanakimbilia dukani, wananunua kasha, wanarudi nyumbani, halafu haliingii. Toa diski kwanza, iangalie, ikibidi nenda nayo dukani. Aina utakazokutana nazo ni hizi:

Diski ya laptopu, inchi 2.5. Ndiyo rahisi kuliko zote. Inaendeshwa na volti 5, kwa hiyo inapata umeme kupitia waya uleule wa USB, bila kuhitaji adapta. Pima na unene: nyingi zina milimita 9.5, za baadaye 7. Kasha la milimita 7 halitaimeza ile ya 9.5 hata uisukume vipi.

Diski ya kompyuta ya mezani, inchi 3.5. Hii ni nzito na inataka volti 12, ambazo tundu la kawaida la USB halina. Lazima ununue kasha lenye adapta yake ya ukutani. Usije ukadanganywa na muuzaji kwamba "itashika tu".

SSD. Haina sahani zinazozunguka, haina kelele. Zipo zenye umbo lilelile la inchi 2.5, hizo zinatumia kasha lilelile. Zipo pia zinazofanana na kipande cha ubani, upana milimita 22 na urefu mara nyingi milimita 80. Hizo zinaitwa M.2, nazo zina makundi mawili, SATA na NVMe, na kasha la kundi moja si lazima likubali la pili. Soma kilichoandikwa kwenye lebo kabla ya kulipa.

Kwa diski za inchi 2.5 na 3.5 angalia pia mlango wake wa kuunganishia. Ukiona safu za sindano nyingi ndogo, hiyo ni IDE, ya enzi za kabla na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ya mezani ina sindano 40, ya laptopu 44. Ukiona ndimi mbili bapa za plastiki, moja fupi na moja ndefu, hiyo ni SATA, iliyoanza kuingia sokoni mwaka 2003 na ndiyo utakayoikuta kwenye mashine nyingi. Makasha ya SATA yamejaa madukani. Ya IDE inabidi uyatafute, na ukiona moja zima, usiliache.

Halafu kuna habari mbaya kidogo. Laptopu nyembamba za siku hizi, zikiwemo MacBook za kuanzia 2018, zimechomelewa hifadhi yake moja kwa moja kwenye mazabodi. Hakuna cha kutoa. Kama unatumia mashine ya namna hiyo, nakala yako ifanye leo ikiwa hai, maana ikifa hakuna kasha litakalokusaidia.

HAYA, TUINGIE KAZINI

Unahitaji vitu vinne tu: kasha linalolingana na diski yako, waya wake wa USB ambao kwa kawaida huja ndani ya boksi, bisibisi ndogo ya nyota na kibakuli cha kuwekea skrubu. Bei ya kasha ni sehemu ndogo tu ya bei ya diski mpya ya nje. Kama unaweza, chukua lenye USB 3.0. Kwa USB 2.0, GB 100 za picha na video zitakuchukua karibu saa nzima kuzihamisha. Kwa USB 3.0, diski nzima ya SATA inaweza kumaliza kazi hiyo kwa chini ya nusu saa.

Tandika kitambaa mezani, waambie watoto wakacheze nje, kisha fuata hatua hizi:

1. Ondoa umeme wote. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 10 ili umeme uliobaki uishe.

2. Shika chuma kwanza. Mwili una umeme wake mdogo ambao wewe huuhisi lakini saketi zinausikia. Gusa bomba la maji au kitu chochote cha chuma kilichogusana na ardhi, ndipo uanze.

3. Geuza laptopu kifudifudi. Mashine nyingi za zamani zina kifuniko kidogo chini, na diski imo hapo. Kwenye nyingine inabidi ufungue kifuniko chote cha chini. Kila hatua piga picha kwa simu, na skrubu zitenge, kwa sababu urefu wake haufanani.

4. Vuta taratibu. Diski imefungwa kwenye fremu ya chuma. Legeza skrubu, isogeze kuelekea upande usio na mlango wa kuunganishia, itatoka yenyewe. Ondoa hiyo fremu. Baadhi ya mashine pia zina kipande kidogo kilichochomekwa kwenye mdomo wa diski. Kitoe nacho, la sivyo haitaingia kwenye kasha.

5. Ichomeke kwenye kasha. Panga ndimi zitazamane, sukuma kwa vidole viwili mpaka itulie. Ikikataa, usilazimishe, igeuze. Funga kasha.

6. Unganisha na kompyuta nzima. Weka diski mahali tambarare, na ikianza kuzunguka usiitikise wala kuihamisha.

Basi, umemaliza. Kilichokuwa diski ya ndani sasa ni diski ya nje. Itajitokeza kwenye kompyuta yako kama flashi, ila kubwa.

Usishtuke ukikuta "imepungua". Diski ya GB 160 itasomeka 149, ya 500 itasomeka 465, ya TB 1 itasomeka GB 931. Hakuna aliyekuibia. Kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024, ndiyo tofauti yenyewe.

Picha na nyaraka ziko wapi? Kama kompyuta ilikuwa na Windows XP, fungua folda ya "Documents and Settings". Kuanzia Vista na kuendelea, fungua "Users". Humo utakuta jina ulilokuwa ukilitumia, na ndani yake vitu vyote, hata vile ulivyokuwa umeviacha kwenye desktop. Kompyuta ikikwambia huna ruhusa, bonyeza "Continue", kwa kawaida itakufungulia.

IKIGOMA JE?

Yetu iligoma. Nilipoichomeka mara ya kwanza, taa iliwaka, diski ikalia kidogo kama mbu, ikanyamaza, ikalia tena. Moyo ulinishuka. Kumbe nilikuwa nimeichomeka kwenye kigawanyio cha USB pamoja na panya na printa, umeme ukawa hautoshi. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida linatoa miliampea 500 tu, na diski za zamani zina njaa wakati wa kuanza kuzunguka. Nikaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, kwa ule waya wenye vichwa viwili vya USB, vyote viwili nikavichomeka. Ikatulia.

Yapo mengine ya kuyajua mapema:

Kompyuta ikikuuliza kama unataka kufomati diski, jibu ni hapana. Hata ikuulize mara kumi. Kufomati ni kuisafisha ianze upya, wakati wewe unatafuta vilivyomo. Ujumbe huo unaweza kumaanisha mpangilio wa faili umeharibika, au diski inatoka kwenye Mac na unaifungulia Windows. Funga ujumbe, jaribu kompyuta nyingine.

Ikikuomba namba ndefu ya BitLocker, maana yake diski ilifungwa kwa usimbaji. Namba hiyo ina tarakimu 48, na mara nyingi imehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, au kwa watu wa kompyuta ofisini kama mashine ilikuwa ya kazini. Bila namba hiyo hakuna fundi wa kuifungua, awe wa mtaani au wa wapi.

Ikitoa mlio wa "ta, ta, ta" usiokoma, chomoa mara moja. Huo ni mlio wa kimkono kinachoshindwa kusoma, na kila dakika unayoiacha inazunguka inaweza kuchuna sahani. Usiifungue kuchungulia. Chembe moja ya vumbi inatosha kuiharibu, kwa sababu kimkono kinapita juu ya sahani kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Na ile habari ya kuiweka kwenye friza achana nayo, unyevu utamaliza kilichobaki. Kama vilivyomo vina thamani kubwa, tafuta wataalamu wenye chumba maalumu cha kuokolea data, na ujiandae, maana bei yao si ya kitoto.

USIKU ULE, PEKE YANGU

Sasa niseme kilichonifanya niandike kwenye kurasa hizi za mahusiano badala ya kumwachia mwandishi wa teknolojia.

Diski ilipofunguka ilikuwa saa nne usiku. Mume wangu alikuwa safarini kikazi, watoto wamelala. Nikaanza kutafuta ile video. Katikati ya mafolda nikakutana na moja yenye jina la msichana, na jina lenyewe nalijua. Ni mtu aliyekuwa naye chuoni, kabla yangu. Tarehe yake ilikuwa ya mwaka 2007.

Hebu jiweke mahali pangu. Chumba kimya, kishale kiko juu ya folda, na hakuna paswedi. Ndiyo, hakuna. Hili wengi hatulijui: neno la siri unaloandika unapowasha Windows linafunga mlango wa mashine, halifungi diski. Ukiitoa diski na kuiweka kwenye kasha, kama haikufungwa kwa usimbaji, kila kitu kiko wazi kama daftari mezani. Mume wangu alipoiweka laptopu ile juu ya kabati alidhani imefungwa. Mimi nilikuwa nimeshaingia ndani bila kubisha hodi.

Nikachomoa diski nikalala. Nisikudanganye, sikulala vizuri.

Aliporudi nikamwambia ukweli, kwamba diski imefunguka na kuna folda sikuigusa. Uso ulimbadilika kidogo. Akasema, "Fungua tu, hakuna kitu." Nikamwambia, "Siyo yangu." Nikaenda jikoni kuchemsha chai. Akakaa nayo kama robo saa, kisha akaifuta mwenyewe. Sikuuliza kilichokuwemo, na mpaka leo sijauliza. Lakini nakwambia, ile chai tuliinywa vizuri kuliko nyingine zote mwaka ule.

Wapo watakaosema ningefungua, mke hana cha kufichwa. Sawa, kila nyumba na mila zake. Mimi nasema diski ya zamani si sawa na simu ya leo. Ina mtu ambaye mwenzio alikuwa kabla hajawa wako, na mtu huyo hayupo kujitetea. Ndiyo maana nawashauri wawili mkubaliane mambo haya kabla ya kuichomeka:

- Diski ni ya nani? Mwenyewe ndiye anayeifungua kwanza, mwingine akiwa karibu au jikoni, kama mtakavyoafikiana.
- Mnatafuta nini? Picha za harusi ni jambo moja, upekuzi ni jambo lingine. Mkishakipata mlichokitafuta, ulizaneni kama mnaendelea.
- Picha zenu za faragha, kama zipo, zinabaki au zinafutwa? Jibu liwe la wote wawili. Mmoja akisema zifutwe, zifutwe.
- Baada ya hapo diski inakaa wapi, na nani anajua?

KABLA HUJAMPA FUNDI

Kuna sababu nyingine ya kuitoa diski mwenyewe. Mnamo mwaka 2008 nyota wa filamu na muziki wa Hong Kong, Edison Chen, alijikuta kwenye kashfa kubwa baada ya picha zake za faragha kusambaa kwenye intaneti. Hakuzisambaza yeye. Zilitoka kwenye kompyuta aliyoipeleka kutengenezwa. Februari mwaka huo alitangaza kujiondoa kwenye sanaa ya Hong Kong, na mwaka 2009 fundi aliyezichukua alihukumiwa kifungo. Lakini waliokuwemo kwenye picha zile, kifungo cha fundi kingewarudishia nini?

Kwa mashine zinazouzwa au kutupwa hali ni hiyohiyo. Mwaka huohuo wa 2009 kipindi cha Frontline/World cha televisheni ya PBS ya Marekani kilionyesha wanafunzi wa uandishi wa habari wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, wakinunua diski za mtumba sokoni nchini Ghana. Ndani ya moja wakakuta nyaraka za mikataba za Northrop Grumman, kampuni kubwa ya kijeshi ya Marekani. Kama kampuni ya silaha inaweza kusahau, sembuse wewe na mimi?

Kwa hiyo mashine ikienda kutengenezwa kioo au kibodi na diski haihusiki, itoe, ibaki nyumbani. Ukiiuza, uza bila diski, au safisha diski kwanza. Na kusafisha si kubonyeza "Delete". Ile fomati ya haraka inafuta orodha ya vilivyomo, vyenyewe vinabaki mpaka viandikiwe juu yake. Kwa diski ya sahani, kuanzia Windows Vista fomati kamili, yaani ile usiyoweka tiki ya "Quick Format", inaandika sifuri diski nzima. Inachukua saa kadhaa, lakini utalala usingizi. Diski iliyokufa kabisa usiitoe kama chuma chakavu ikiwa nzima. Mpe mtu wa drili aitoboe matundu mawili matatu yapite kwenye sahani.

UMEOKOA, SASA TUNZA

Usije ukadhani kazi imekwisha kwa sababu picha zinaonekana. Diski ile bado ni ya zamani, ina vyuma vinavyozunguka, na siku yake ipo. Kitu cha kwanza kufanya, kabla hata ya kuanza kuangalia picha na kucheka nywele zenu za 2008, ni kunakili kila kitu kwenye kompyuta mnayoitumia. Kanuni ya wataalamu ni rahisi kukariri, 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Inaweza kuwa kwa dada yako, ofisini au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Moto na mwizi hawachagui kabati.

Ukishahakikisha nakala zimefunguka, diski ya zamani unaweza kuifomati na kuipa kazi nyepesi: sinema, miziki, nakala ya ziada. Ukichagua exFAT itasomeka na kuandikika kwenye Windows na kwenye Mac. FAT32 inapokelewa na redio na televisheni nyingi za zamani, ila haikubali faili moja linalozidi GB 4. NTFS ni nzuri kwa Windows, lakini Mac huisoma tu bila kuandika. Kama mna vya faragha, ifunge kwa paswedi ya usimbaji, na paswedi hiyo iandikeni mahali ambapo mwenzio ataiona ukiwa haupo. Na kabla ya kuchomoa waya, iage kwanza kompyuta kwa ile alama ya kutoa kifaa salama. Haraka ya sekunde tano imeshaua mafaili mengi.

Na ile video? Tuliipata. Dakika nne na sekunde kadhaa, picha inacheza, maspika ya ukumbi yanakoroma. Mama mkwe amesimama na khanga mabegani, anamwambia mwanawe kwamba mume na mke wale sahani moja, hata siku ambayo kuna ugali na chumvi tu. Halafu anacheka mwenyewe. Mtoto akaitazama mara tatu mfululizo, akamgeukia baba yake: "Kumbe unacheka kama bibi."

Mume wangu hakujibu. Alitoka nje kidogo.

Basi Jumamosi hii msipange pa kwenda. Panda kwenye kiti, shusha lile begi, mwite mwenzio.